Mshale Uliolala Kila Alhamisi

Kasongo, ukimwuliza mtoto yeyote fundi yuko wapi, atakupeleka kwa vijana wa pikipiki. Atakuonyesha banda lao la mabati, penye muziki, penye minyororo na matairi yaliyoning'inizwa, penye vijana kumi wanaosema wote kwa pamoja huku mmoja tu akifanya kazi. Hatakupeleka ng'ambo ya barabara, kwa Papa Abdallah. Wala si kwa ubaya. Mtoto wa siku hizi hajui kwamba magari nayo yana fundi wake, maana magari yenyewe anaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mawili kati ya hayo yameota majani.

Papa Abdallah ana miaka sitini na tisa. Weusi wa mafuta umemwingia kwenye kucha, na maji ya udhu ya miaka hamsini hayajafaulu kuutoa. Alijifunza kazi enzi za malori ya mpunga, wakati madereva walikuwa wanalala uani kwake wakisubiri zamu, na mke wake Fatuma akiwapikia kwenye sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Fatuma alikuwa mkali. Aliwagombeza madereva kama watoto wake wa kuzaa, nao walimpenda kwa hilo. Halafu barabara zikaoza, malori yakapungua, pikipiki zikaingia. Halafu Fatuma naye akafariki, miaka minne iliyopita, kwa homa ya siku tatu tu. Binti yao Soraya yuko Bukavu na bwana yake, kijana wao Nourdine yuko Kalemie. Wanapiga simu Ijumaa.

"Papa, umekula?"

"Nimekula."

Basi mazungumzo yamekwisha hapo, kwa sababu mtu akishakuambia amekula, utamwuliza nini tena kwa simu?

Alikuwa mpweke, tuseme hivyo bila kuzungukazunguka. Msikitini walimsalimia vizuri. Jirani yake Chadia alimletea sombe, mboga ya majani ya mihogo, siku alizopika nyingi. Hakuna aliyemdharau, hakuna aliyemkosea. Lakini hakuna aliyekuja kukaa. Watu walimpa salamu njiani na kuendelea na njia yao, na yeye akarudi uani, akapanga funguo zake kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga tena.

Sasa tuje kwenye gari.

Ni gari la aina ya jipi, la zamani, la Pitchou. Pitchou ni Mbangubangu wa upande wa Kabambare, Mkatoliki, miaka thelathini na minane hivi, mwenye mdomo usiojua kuchoka. Jipi aliirithi kwa mjomba wake. Kila Alhamisi anatoka Kasongo kwenda Kabambare kwa njia ya Lusangi, watu wanane mahali pa watano, magunia juu, kuku chini ya miguu ya watu. Barabara ile hata wenye pikipiki wanaiogopa. Pitchou haiogopi. Anaitukana tu, kuanzia shimo la kwanza mpaka la mwisho.

Mwaka jana, mwezi wa pili, alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya lango la Papa Abdallah. Mafuta ya kulainisha vyuma yalikuwa yanadondoka ubavuni mwa injini.

"Papa, jambo. Wamesema weye ndiye unajua magari."

"Nani amesema?"

"Kila mutu. Hata wale vijana wa pikipiki. Wamesema, enda kwa ule muzee, sisi tunajua magurudumu mbili tu."

Maneno hayo yalimfurahisha mzee kuliko alivyotaka kuonyesha. Akajifanya kukohoa, akafungua boneti.

Mafuta yalikuwa yanapenya kwenye sonda. Kwa wasiojua, sonda ni kipande cha shaba, ukubwa wa kidole gumba, kilichokazwa kwenye chuma cha injini. Kinapima nguvu ambayo mafuta yanasukumwa nayo ndani, kisha waya mmoja unapeleka habari hadi kwenye manometa, ile saa ndogo iliyo mbele ya dereva. Mshale ukisimama kwenye kilo tatu, injini inakunywa vizuri. Mshale ukilala kwenye sifuri, simama hapo hapo ulipo, usiseme nitafika kijiji kile, maana injini isiyopata mafuta inajitafuna yenyewe. Ikishajitafuna, uza vyuma.

Papa Abdallah alifanya kile ambacho mtu yeyote wa Kasongo angefanya. Kwetu kitu kikivuja, kikilegea, kikivunjika, kinafungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mpini wa jembe, bomba, kidumu, mguu wa kitanda, mzigo wa mihogo, vyote dawa yake ni moja. Akakata ukanda mwembamba kama karatasi, akafungua sonda, akauzungusha kwenye meno yake ya kukazia, akaikaza tena. Mafuta yakaacha kudondoka, Pitchou akashukuru, akaenda zake.

Lakini mpira haupitishi umeme. Sonda ile ina waya mmoja tu, na umeme wake lazima urudi kwa kugusana, shaba kwa chuma cha injini. Ukiivisha mpira, habari haifiki popote. Papa Abdallah analijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Siku ile alisahau. Mikono ilishazoea kufunga mpira, ikafunga kabla kichwa hakijasema neno.

Alhamisi iliyofuata Pitchou alirudi, safari hii hacheki.

"Papa, mshale umelala. Sifuri kabisa. Nimekufa."

"Hujakufa. Zima, tuone."

Hapo ndipo ungemwona Papa Abdallah alivyokuwa zamani. Hakukimbilia kufungua injini kama wanavyofanya wababaishaji. Kwanza alichomoa kijiti cha mafuta, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena: mafuta yapo, hayakupungua. Kisha akauvuta waya kutoka kwenye sonda, akamwambia Pitchou afungue umeme bila kuwasha, akaugusisha ule waya kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka hadi mwisho wa saa.

"Umeona? Manometa ni nzima, na waya ni muzima."

Kisha akaleta manometa yake ya mkono, ile aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja kabla Pitchou hajazaliwa, yenye kibomba cha shaba. Hiyo haihitaji umeme wala waya, mafuta yenyewe yanapanda na kuusukuma mshale. Akafungua sonda, akafunga kibomba mahali pake, injini ikawashwa. Kilo tatu na nusu.

"Motere iko muzuri," akasema akiigusa injini. "Nguvu iko. Ni hii sonda ndiyo inakudanganya."

Akaigeuza ile sonda kiganjani, akauona ukanda wake wa mpira, akaelewa.

Kicheko kilikuwa kimeshafika kooni. Alitaka kusema, kumbe ni mimi mwenyewe, angalia uzee huu. Lakini Pitchou alikuwa ameshakaa. Alikuwa amepewa chai ya tangawizi, na kwa furaha ya kuambiwa injini yake ni nzima alianza kusimulia habari ya mbuzi wa mkubwa mmoja wa Lusangi aliyepanda juu ya jipi, akala mkeka wa abiria, na abiria akadai mbuzi mwenyewe awe fidia. Papa Abdallah alicheka mpaka machozi. Hakuwa amecheka hivyo tangu Fatuma afariki, na kicheko kilimuuma mbavuni kama kazi ambayo mwili umeisahau.

Basi akairudisha sonda pamoja na mpira wake. Akaikaza kwa namna yake, hadi pembe moja ya shaba ikagusa chuma kidogo, na mshale ukaamka. Alijua kabisa kwamba kwa mashimo yale ya njia ya Lusangi, ndani ya wiki moja ingelegea na mshale ungelala tena.

"Magari haya mazee, manometa zao hazina akili," akasema. "Itakuwa inalala. Ikilala, usiogope. Ukifika Kasongo pita kwangu niiangalie."

Kufunga mpira lilikuwa kosa. Kusema "usiogope" kilikuwa kitu kingine, na yeye alikijua, na alikisema akiwa anamwongezea mgeni sukari.

Miezi minane iliendelea hivyo. Jumatano mzee alinunua sukari na tangawizi, akafagia uani. Alhamisi saa moja asubuhi jipi ilisimama, Pitchou akashuka akisema, "Papa, mugonjwa wetu amelala tena," na Papa Abdallah akainama kwenye injini dakika kumi kwa kazi ya dakika moja. Kisha chai. Pitchou alimletea karanga na unga wa Kabambare. Alimsimulia habari za mke wake Marie-Louise, za ugomvi wake na baba mkwe, za mtoto wao aliyekataa kula kitu chochote chenye rangi ya kijani. Papa Abdallah naye alimsimulia habari za Fatuma, jinsi alivyomfukuza dereva mmoja kwa mwiko hadi sokoni, na kwa kusimulia akagundua kwamba hakuwa amelitamka jina lake kwa sauti kwa muda mrefu sana.

Abiria walinung'unika garini. Mama mmoja mnene, anayesafiri na vitenge vyake, aliuliza siku moja, "Huyu mugonjwa wenu, ana ugonjwa gani usiopona?" Papa Abdallah akajibu kwamba magari ni kama wazee, yana yao. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Aibu alikuwa nayo, msimwone hana. Kila jipi ilipoondoka alijiambia, Alhamisi ijayo nitamwambia. Halafu Alhamisi ijayo Pitchou akashuka na habari nyingine ya kuchekesha, na ukweli ukaahirishwa. Ni rahisi sana kuahirisha kitu ambacho hakuna mtu anakudai.

Mwezi wa kumi jipi ilipunguza mwendo mbele ya lango bila kusimama.

"Papa, leo sikai," Pitchou akasema kwa dirishani. "Watu wana haraka."

"Na mshale?"

"Umelala. Nimeuzoea, bwana. Si ulisema nisiogope? Mimi ninaangalia kijiti tu, mafuta iko, ninaenda."

Akapunga mkono. Wiki iliyofuata alipiga honi tu. Na iliyofuata, honi. Papa Abdallah alikaa na birika lake la chai ya watu wawili, akaona alichojitengenezea. Alikuwa amemfundisha yule bwana kwa bidii, Alhamisi baada ya Alhamisi, kwamba manometa ni mwongo, na mwanafunzi amefaulu. Mtu ambaye haogopi mshale atasimama kwa fundi kwa ajili ya nini? Alisikia uchungu, na alijua uchungu huo ameununua mwenyewe.

Kisha ikafika ile Alhamisi.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Papa Abdallah alikuwa langoni, tuseme kwa bahati, ingawa kila Alhamisi alikuwa langoni kwa bahati. Jipi ikapita, honi ikalia, na nyuma ya honi akasikia sauti. Taka-taka-taka, kavu, juu kabisa ya injini. Vijana wa pikipiki hawakusikia kitu. Abiria hawakusikia kitu. Yeye alisikia kama mama anavyosikia kikohozi cha mtoto wake kati ya watoto ishirini. Valvu zilikuwa zinagongana bila mafuta. Safari hii mshale uliolala ulikuwa unasema kweli, na Pitchou alikuwa amekaa mbele yake akipiga mluzi.

Akapiga simu. Haipatikani. Ukitoka tu mjini mtandao unakufa, kila mtu anajua.

Sasa ingekuwa vizuri kusema kwamba aliruka mara moja. Hakuruka. Alirudi uani akakaa. Maana akimkimbilia Pitchou lazima ataulizwa swali, na swali lilikuwa moja: kwa nini manometa haikuaminika? Akimwambia ukweli, amempoteza. Asipokwenda, injini itakufa porini, na Pitchou atasema maskini, lilikuwa gari zee, Papa alinionya. Hakuna ambaye angejua kamwe. Nusu saa nzima alikaa na mawazo hayo, na hatusemi hivyo kumtia aibu, ila ndivyo ilivyokuwa. Kilichomwinua ni kumkumbuka yule mama wa vitenge, alivyopita garini asubuhi ile akiwa amejifunika khanga kwa baridi. Jipi ikizimika kwenye mlima wa matope ikiwa na watu wanane, inarudi nyuma yenyewe, na chini kuna mto.

Akachukua manometa ya mkono, funguo, nyundo, akavuka barabara.

"Nani ananipeleka njia ya Lusangi? Sasa hivi."

Vijana wakageuka, muziki ukapunguzwa. Papa Abdallah alikuwa ametukana pikipiki kwa miaka kumi, alikuwa anaziita mbuzi wa chuma. Dereva mmoja, Hamadi, akafuta kiti kwa mkono.

"Panda, Papa. Nishike kiunoni, usione haya."

Alimshika kiunoni. Alifumba macho kwenye madaraja ya magogo na akasoma kila dua aliyoijua, nyingine mara mbili. Walipita matope, wakapita wasukuma baiskeli waliosimama kuwacheka, wakaanguka mara moja, polepole, kwenye tope laini. Baada ya saa moja na nusu, kabla ya kufika Lusangi, waliiona jipi mbele yao inapanda mlima. Ilikuwa inagonga sasa kiasi kwamba hata Hamadi alisikia.

Hamadi akaipita, akakata mbele. Papa Abdallah akashuka, mikono juu.

"Zima. Pitchou, zima motere."

"Papa?" Pitchou akacheka. "Na weye leo uko juu ya pikipiki? Unaenda kuoa wapi?"

"Zima kwanza."

Akazima. Abiria wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Pitchou akachomoa kijiti na kumwonyesha, mafuta yamejaa hadi alama.

"Angalia. Mafuta iko."

Papa Abdallah akainama kwenye injini. Akafungua sonda, akafunga kibomba chake, akaomba injini iwashwe kidogo tu. Mshale wa manometa ya mkono ulitetemeka, ukapanda hadi nusu kilo, ukagoma. Pitchou akautazama, na kicheko kikamwisha usoni.

"Uligonga jiwe?" mzee akauliza.

"Juzi. Pale mutoni. Dogo tu."

Mzee akaingia chini ya gari kwenye matope. Lile jiwe dogo tu lilikuwa limelibonyeza bakuli la mafuta chini ya injini, limebonyea ndani hadi likaziba mdomo wa pampu. Mafuta yalikuwapo, kijiti hakikudanganya, lakini pampu haikuweza kuyavuta. Ni mshale peke yake ungeweza kusema hivyo, na mshale ulikuwa umenyimwa imani.

Walifanya kazi kwa muda wa saa tatu. Mama wa vitenge alitoa beseni lake, mafuta yakamwagwa humo. Bakuli likafunguliwa, likapigwa nyundo juu ya gogo hadi likanyooka. Karatasi ya kuzibia ikakatwa kwenye katoni ya sabuni. Walipowasha tena, ile taka-taka ilidumu kidogo, ikafifia, ikaisha. Manometa ya mkono ilionyesha kilo tatu.

Watu walimsifu sana. Mama wa vitenge alimwambia Mungu amlipe. Hamadi tayari alikuwa anasimulia jinsi mzee alivyosikia ugonjwa kutoka langoni. Pitchou alimshika mabega mawili akamwita baba yangu. Na mkononi mwa Papa Abdallah ilikuwa bado ile sonda na mpira wake. Angeweza kuirudisha vile vile. Wangepanda garini tena wote wakimpenda, na kila Alhamisi ingekuwa sikukuu.

Akamvuta Pitchou pembeni, akamwekea sonda kiganjani.

"Angalia pale inapokazwa."

Pitchou akaangalia. "Ni mpira."

"Mpira hauachi umeme upite. Ndiyo sababu mshale unalala."

"Nani aliuweka?"

"Mimi. Siku ile ya kwanza, ili isivuje. Nilikosea. Wiki ya pili nilijua."

Pitchou hakuelewa upesi. Ilionekana jinsi alivyokuwa anarudi nyuma, Alhamisi moja moja.

"Na ukaacha?"

"Nikaacha."

"Miezi yote ile? Kila mara unafungua, unafunga?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, Papa?"

"Ili upite. Kwangu hakuna mutu, Pitchou. Hakuna kabisa. Weye unashuka, unakunywa chai, unasema, na mimi siku ile ninakuwa mutu."

Chini mtoni mtu alikuwa anafua, waliisikia nguo ikipigwa kwenye jiwe. Pitchou aliigeuza sonda kwa vidole.

"Marie-Louise amekaa katika gari hii mara ngapi," akasema polepole. "Pamoja na mutoto. Mimi ninaona sifuri, ninamwambia usiogope, Papa Abdallah amesema."

"Ninajua."

"Hapana, hujui."

Na kweli hakujua.

"Ungesema tu," Pitchou akasema. "Ungesema, Pitchou, simama unisalimie. Ile tu. Mimi ningesimama. Ulifikiri mimi ni mutu wa mshale?"

Papa Abdallah alinyoosha mkono. Alichukua sonda, akaukwangua mpira wote kwa kisu, akasugua shaba hadi ikang'aa, akaikaza chuma kwa chuma. Pitchou akawasha. Mshale wa mbele ya dereva ulipanda hadi tatu, ukatulia. "Itadondosha mafuta kidogo," mzee akasema. "Acha idondoke, weye ongeza tu. Lakini ukiona umelala, simama." Pitchou akasema sawa, akasema asante kwa kazi, kama mteja yeyote anavyomwambia fundi yeyote, akapanda, akaondoka na watu wake kuelekea Kabambare. Hamadi alimrudisha mzee nyumbani. Hakuuliza kitu njiani, Mungu amjalie.

Alhamisi ya kwanza jipi ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu nayo, hata honi hapana. Papa Abdallah alisikiliza kutoka uani. Injini ilikuwa inakunywa vizuri, valvu kimya, kila kitu mahali pake. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, tena nzuri. Hakuna ubaya wowote uliobaki katika gari lile ambao ungeweza kulisimamisha kwake. Alilia kidogo siku ile ya tatu, akanawa uso, akaenda kuswali.

Alhamisi ya nne alivaa shati safi. Aliacha funguo zote ndani, akatoka, akasimama barabarani kabisa, si langoni. Vijana wa pikipiki walimwona. Mzee wa rika lake kusimama katikati ya njia mikono mitupu ni jambo la aibu, na aibu hiyo ilimwaka masikioni. Jipi ikaja. Akainua mkono. Ikasimama.

Pitchou akatoa kichwa. "Umesikia kitu katika motere?"

"Hapana. Motere iko muzuri sana."

"Sasa?"

Maneno alikuwa ameyaandaa siku nyingi, mengi na marefu. Yote yalikimbia.

"Simama unisalimie," akasema.

Pitchou alimtazama. Hakuzima injini. Abiria walikuwa wamebanana nyuma yake, mmoja anasema twende. Lakini alitoa mkono dirishani, na mzee akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Umeamka muzuri, Papa?"

"Nimeamka. Na Marie-Louise?"

"Yuko. Na mugongo wako, baada ya ile pikipiki?"

"Unaniuma mpaka leo."

Pitchou alitaka kucheka, akajizuia, akaangalia mbele.

"Na Alhamisi ijayo?" mzee akauliza.

"Nitaona, Papa." Akaingiza gia.

Tangu siku hiyo Papa Abdallah anasimama barabarani kila Alhamisi saa moja asubuhi, kama mtu anayeomba kubebwa bure. Wiki nyingine jipi inasimama, dakika mbili, tatu, injini ikinguruma, wanaulizana hali. Chai bado Pitchou hajakubali. Wiki nyingine watu ni wengi mno, au Pitchou hana moyo siku hiyo, na jipi inapita, na injini yake inasikika nzuri kabisa.